Ofa ya kuondoka kwa hiari au kungoja kupunguzwa: hesabu ya mfanyakazi wa miaka mingi

Kampuni inapotaka kupunguza wafanyakazi, mara nyingi hutanguliza tangazo moja: anayetaka kuondoka kwa hiari ajiandikishe, atalipwa mishahara kadhaa, na mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa. Asiyejiandikisha anabaki kungoja zoezi lenyewe bila kujua kama jina lake litatoka. Mwenye mwaka mmoja au miwili kazini hana la kuumiza kichwa sana. Mwenye miaka 15 au 20 ndiye anayepaswa kukaa chini na kalamu kabla ya kuweka sahihi, kwa sababu karatasi ile inafunga sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi.

Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa muda mrefu, na kosa ninaloliona kila mara ni lilelile. Watu wanachukua ile namba kubwa ya ofa na kuipima na kiinua mgongo peke yake. Upande wa pili una vitu zaidi: notisi, likizo, usafiri wa kurudi ulikoajiriwa, fao la kukosa ajira la NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), na mishahara ya kipindi ambacho mazungumzo bado yanaendelea. Vikishawekwa vyote, ofa nyingi zinapungua ukubwa. Zipo pia ambazo ni nzuri kweli, na ni haki kuzisema.

Ninazungumzia sekta binafsi Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni zake za 2007. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, na watumishi wa umma wana taratibu zao.

Kiinua mgongo

Mwajiri akisitisha ajira ya mtu aliyetimiza miezi 12 mfululizo kazini, anatakiwa kumlipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Hapo kwenye kumi ndipo pa kusoma mara mbili. Siku 7 mara miaka 10 ni siku 70. Aliyefanya kazi miaka 10 na aliyefanya kazi miaka 28 wanaondoka na siku 70 zilezile, kama hakuna kingine kilichoandikwa. Jirani zetu Kenya, sheria yao ya ajira ya 2007 inataka siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, na haikuweka kikomo cha miaka. Kila ninapomweleza hili mtu mwenye mvi, naona uso wake unabadilika. Alikuwa akijua kabisa kwamba kila mwaka unaoongezeka unaongeza kitu.

Kwa hiyo miaka yako ya kumi na moja na kuendelea ina thamani mahali pawili tu: kwenye mkataba wako au mkataba wa hali bora (ule ambao chama kimesaini na mwajiri), na kwenye mazungumzo. Anza kwa kutafuta mkataba wa hali bora. Kama unasema kiinua mgongo ni zaidi ya siku 7, au hauna kikomo cha miaka, huo ndio unaofuatwa, maana sheria imeweka kima cha chini tu.

Sasa tofauti ya njia mbili. Kiinua mgongo cha kisheria kinazaliwa pale mwajiri anapokuachisha. Ukiondoka kwa makubaliano, unapata kilichoandikwa kwenye makubaliano. Kama karatasi inasema "mishahara sita" na haifafanui zaidi, usidhani kiinua mgongo kitaongezwa juu yake. Uliza, na jibu liandikwe.

Wapo pia wanaokikosa hata wakiachishwa: aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, aliyekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyotafutiwa, aliyefikia umri wa kustaafu, na ambaye mkataba wake wa muda maalumu umefika mwisho. Hilo la umri wa kustaafu liwekeni akilini mlio karibu nalo, nitalirudia.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfanyakazi wa ghala mwenye miaka 19 kazini, mshahara wa msingi Sh 1,040,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Kupata mshahara wa siku, jedwali la sheria linataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha ugawanywe kwa idadi ya siku anazofanya kazi katika wiki. Kwa wiki ya siku 6 ni kama kugawa kwa 26, na siku yake moja inakuwa Sh 40,000.

Nimeona wahasibu wanagawa kwa 30. Kwa huyu mwenzetu siku ingeshuka hadi Sh 34,667 na kiinua mgongo cha siku 70 kingepungua kwa Sh 373,333. Ombeni karatasi ya mkokotoo mjionee wamegawa kwa ngapi.

Mwajiri anampa ofa ya hiari: mishahara sita, kila kitu ndani. Tangu mzunguko wake wa likizo (mwaka wake wa kuhesabia likizo) uanze amefanya kazi siku 130.

| | Ofa ya hiari | Kupunguzwa |
|---|---|---|
| Kiasi cha ofa | Sh 6,240,000 | hakuna |
| Kiinua mgongo, siku 70 | kimo ndani | Sh 2,800,000 |
| Notisi, wiki 4 (siku 24 za kazi) | imo ndani | Sh 960,000 |
| Likizo ya mwaka huu, siku 10 | imo ndani | Sh 400,000 |
| Fao la NSSF, miezi 6 | hapati | Sh 2,077,920 |
| Jumla kabla ya makato | Sh 6,240,000 | Sh 6,237,920 |
| Usafiri na mizigo | haukutajwa | unalipwa juu yake |

Ile ofa iliyoonekana zaidi ya mara mbili ya kiinua mgongo inazidi kwa Sh 2,080. Ukiongeza nauli ya kumrudisha na mizigo yake alikoajiriwa, imeshazidiwa. Ukiongeza na mshahara wa mwezi mmoja tu ambao mazungumzo yangechukua, imezidiwa kwa zaidi ya milioni. Mfano wangu una namba za duara ili usomeke, lakini fanya huohuo kwa mshahara wako, mstari kwa mstari. Na namba ya ofa ikitajwa, uliza kama ni kabla au baada ya kodi, kwa sababu malipo ya kusitishwa ajira nayo yanakatwa kodi ya mapato.

Notisi

Hapa sina mengi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria haipungui siku 28, iwe amefanya kazi miaka miwili au ishirini. Mkataba unaweza kuweka ndefu zaidi, ila iwe sawa kwa pande zote mbili. Inatolewa kwa maandishi, ikitaja sababu na tarehe. Mwajiri anaweza kukulipa badala ya kukufanyisha kazi siku hizo.

Kitu kimoja cha kushikilia: notisi haitolewi ukiwa likizo, wala haiendi sambamba na likizo. Ukiambiwa "nenda likizo yako, ukirudi notisi itakuwa imeisha", hapo umenyang'anywa kimoja kati ya viwili. Kwenye ofa ya hiari ujanja huu huja kwa sura nyingine: tarehe ya mwisho wa ajira inawekwa wiki mbili mbele na notisi haitajwi popote.

Likizo, na lile deni la miaka ya nyuma

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, zikiwemo sikukuu zinazoangukia ndani yake. Ukiachishwa, unalipwa likizo ya mzunguko ambayo hukuichukua, na ya mzunguko ambao haujakamilika kwa kiwango cha mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Ndiyo maana mwenzetu wa ghala mwenye siku 130 ana siku 10.

Mfanyakazi wa miaka mingi huja na hesabu nyingine. "Katibu, mimi nina likizo za miaka sita hawajanipa." Anakuwa ameshazizidisha na ameshaona kiwanja. Kwa bahati mbaya sheria haiendi hivyo. Likizo inatakiwa ichukuliwe ndani ya miezi 6 tangu mzunguko wake uishe, au miezi 12 kama mmekubaliana kwa sababu za kazi. Isiyochukuliwa ndani ya muda huo, madai ya kulipwa fedha yake ni dhaifu sana. Yule aliyejinyima likizo kwa uaminifu, akashinda kazini wakati wenzake wamekwenda kwao, ndiye anayepoteza. Linaniuma, lakini ni afadhali ulijue leo kuliko siku ya kusikilizwa shauri.

Usitupe karatasi zako hata hivyo. Kama uliomba likizo ukakataliwa kwa maandishi, au uliitwa ukafanye kazi katikati ya likizo, hiyo ni hoja nyingine. Sheria inatambua mshahara wa mwezi mmoja badala ya likizo kwa aliyekubali kufanya kazi wakati wa likizo yake kwa matakwa ya mwajiri.

Na hapa ndipo njia ya hiari inaipita ya kupunguzwa. Mwajiri anayetaka sahihi yako ana sababu ya kulipa kitu ambacho CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, isingemlazimisha alipe. Likizo za zamani ni chambo kizuri mezani: "Nitasaini, lakini siku zangu za 2021 na 2022 ziingie." Nimeona zikiingia. Ukingoja barua ya kupunguzwa, siku hizo hazina pa kuzungumziwa isipokuwa chama kizibebe kwa ajili ya wote.

NSSF: neno moja kwenye barua

Tangu mabadiliko ya sheria za mifuko ya mwaka 2018, mwanachama aliyepoteza kazi anaweza kulipwa fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa mwezi, kwa miezi 6. Masharti yake ni pamoja na kuwa umechangia angalau miezi 18, hujafikia umri wa kustaafu, na hukuacha kazi mwenyewe.

Hukuacha kazi mwenyewe. Barua inayosema "nimeamua kwa ridhaa yangu kuacha kazi" inaweza kukufungia dirisha la fao hilo, na utaligundua siku unapoipeleka kaunta. Kwa hiyo, hata ukiamua kuchukua ofa, dai barua ya mwajiri iseme ajira imesitishwa kutokana na mahitaji ya uendeshaji na kwamba nafasi yako imefutwa, kama kweli ndivyo. Mwajiri mwaminifu hana cha kupoteza kwa kuandika ukweli huo. Akikataa, toa zile Sh 2,077,920, au kiasi chako wewe, kwenye thamani ya ofa kabla hujalinganisha.

Angalia pia taarifa yako ya michango kabla ya yote. Kampuni iliyofika hatua ya kupunguza watu wakati mwingine imeshaanza kuchelewesha michango. Madai hayo ni mepesi kudai ukiwa bado ndani. Na kuna idadi ya kuhesabu: pensheni ya uzeeni inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mwenye miezi 172 anayeondoka kwa hiari mwezi huu anaacha miezi minane ambayo huenda asiipate tena mahali pengine. Huyo mimi namwambia angoje, hata ofa iwe tamu.

Kungoja si lazima uishie kupunguzwa

Tangazo la hiari huandikwa kana kwamba asiyesaini atakatwa tu. Si kweli. Kabla ya kupunguza, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya nia yake, kuweka wazi taarifa zote zinazohusika, na kushauriana na chama au na wafanyakazi wenyewe: sababu za kupunguza, namna ya kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua, muda, na kiinua mgongo. Ndiyo, kiinua mgongo kimo kwenye orodha ya mashauriano, kwa hiyo ile dari ya miaka 10 inaweza kuzungumzwa kwa niaba ya wote. Mkishindwa kuafikiana, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa usuluhishi wa siku 30, na katika siku hizo hakuna anayepunguzwa. Mishahara inaendelea.

Muda wa utumishi ni miongoni mwa vigezo vinavyokubalika vya kuchagua, pamoja na ujuzi maalumu na nafasi muhimu zinazotakiwa kubaki. Haikupi kinga kamili, lakini inakupa hoja. Na aliyepunguzwa anatakiwa kupewa kipaumbele mwajiri anapoajiri tena watu wa sifa kama zake. Aliyeondoka kwa makubaliano hana hilo, labda aliandike kwenye makubaliano yenyewe.

Njia ya kupunguzwa pia inaacha haki ya kupinga kama utaratibu ulirukwa. Makubaliano ya hiari kwa kawaida yana sentensi moja pale chini, juu ya mstari wa sahihi: "Malipo haya ni kamili na ya mwisho, na sitakuwa na madai yoyote dhidi ya kampuni." Hiyo ndiyo bidhaa ambayo mwajiri ananunua kwa ile mishahara sita. Si kosa kuiuza, lakini ijue bei yake.

Usafiri

Kama ajira inakomea mahali pengine tofauti na ulikoajiriwa, mwajiri anakusafirisha wewe na mizigo yako kurudi huko, au analipa gharama zake. Usafiri ukichelewa, anawajibika kwa posho ya kujikimu kati ya siku ya kuachishwa na siku ya kusafirishwa. Aliyeajiriwa Mbeya akafanyia kazi Dar es Salaam miaka ishirini anasahau kabisa hili, na ofa za "kila kitu ndani" hulimeza bila kulitaja.

Lini uchukue ofa, lini ungoje

Swali la kwanza kabisa linahusu kampuni, kabla ya fedha: inapunguza au inakufa? Kampuni inayofunga kitengo kimoja na kubaki na biashara yake itakulipa hata miezi mitatu baadaye. Kampuni ambayo mishahara imeanza kuchelewa, wauzaji wanadai, na magari yanauzwa, kungoja ni kujiweka kwenye foleni ya wadai. Hapo fedha iliyo mkononi leo, hata ikiwa pungufu kidogo ya hesabu yako, ina uzito kuliko haki kamili kwenye karatasi. Sharti langu ni kwamba ilipwe siku ya kusaini, na si "kwa awamu tatu".

Ofa inayohesabu miaka yako yote bila kuishia 10, ikalipa notisi, likizo na usafiri kando, na barua ikaeleza sababu ya kweli ya ajira kukoma, ni ofa ya kuchukua. Kwa mwenye miaka 20 na zaidi ndiyo nafasi pekee ya miaka ile ya juu kulipiwa kama mkataba wa hali bora hauna kitu. Hali kadhalika kwa aliyekaribia miaka 60. Akifika umri wa kustaafu kiinua mgongo cha kisheria hakipo, na fao la kukosa ajira halimhusu, hivyo ofa yoyote ya maana kwake ni nyongeza juu ya pensheni.

Mwenye mkopo wa benki au SACCOS unaokatwa kwenye mshahara apate salio lake kwa maandishi kwanza. Salio hilo huja kukatwa kwenye malipo ya mwisho kwa njia zote mbili, na nimeona mtu akitoka na milioni sita kwenye karatasi na laki nane benki.

Wengine wote, hasa mwenye miaka 10 hadi 18 kazini, ambaye hajafika miezi 180 ya michango, au aliyepewa mishahara mitatu minne ya "kila kitu ndani", naona bora angoje na asimame na wenzake kwenye mashauriano.

Ukiamua kusaini, usisaini siku ileile. Afisa utumishi akikwambia "Mzee wangu, hii mwisho leo", mjibu kwa heshima kwamba unaomba nakala ukaisome nyumbani na kuipeleka kwa chama. Rudi nayo ikiwa na mistari sita iliyotenganishwa: kiinua mgongo na miaka iliyohesabiwa, notisi, likizo, usafiri, kiasi cha nyongeza, na tarehe ya kulipwa. Dai na hati ya utumishi itoke siku hiyohiyo.

Na kama umeshasaini kwa kutishwa, au umepunguzwa bila mashauriano, shauri la kuachishwa kazi linafunguliwa CMA ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Siku hizo zinahesabiwa hata kama bado mnaendelea "kuzungumza" na ofisi. Chukua fomu namba 1 ya CMA, ijaze, mpe mwajiri nakala asaini kuipokea, ndipo uendelee na mazungumzo.